Thayne Ockey na Sauti Iliyofutwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Novemba ulipotoka kwenda kuwalisha nyumbu wa mizigo na uji wako ukapoa mezani. Baba mdogo Delmar alikukuta umeketi kwenye theluji, mgongo umeegemea zizi, kama mtu anayepumzika kidogo. Daktari alisema ni moyo.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Mama siku hizi analala kwenye kochi la sebuleni. Anasema chumbani kuna baridi.

Wageni uliowapeleka kuwinda walirudi mjini Kanab wakisema hukuwaambia maneno ishirini kwa wiki nzima. Hawakujua habari za kigugumizi chako. Bi Arvilla, mjane wa jirani, alijua, na hakukuuliza kitu ulipomwachia mguu wa kulungu mlangoni kila msimu. Ulimi wako ulifunguka kwa wanyama tu. Tulikuwa tukijibanza nyuma ya zizi kukusikiliza ukiwasimulia nyumbu mambo ya siku nzima bila kukwama hata mara moja. Tukisogea, unanyamaza.

Kisha wakaja watu wa filamu, na pesa zao kidogo na dubu wao mzee aliyepungukiwa meno. Walikuajiri utunze nyumbu. Lakini mwigizaji wao aliuona mto wa mwezi wa Machi, barafu bado ikielea, akakataa katakata kuingia. Mwongozaji akaziangalia ndevu zako.

"Mzee, unajua kuogelea?"

"Si-si-sijui," ulimjibu. "Na-najua kuvuka."

Ukavuka. Kwa siku kumi na tisa ukawa mwindaji wa zamani anayeishi peke yake milimani, asiye na wa kuzungumza naye ila dubu. Na kwa kuwa ulizungumza na dubu, ulizungumza vizuri. Ulirudi nyumbani unatabasamu peke yako. Ulimwambia Mama, taratibu, "Wa-wamenirekodi, Verla. Yote. Mtanisikia."

Jumapili filamu ilipoonyeshwa, baada ya kanisa, majirani walijaa sebuleni mpaka mlangoni. Ukatokea kwenye televisheni, ukamkaribia dubu, ukafungua kinywa. Ikatoka sauti nzito ya mtu mwingine, kama ya mtangazaji wa redio.

"Kaka, umemeza redio?" Baba mdogo akatania. Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka, ukachukua kofia yako, ukaenda zizini. Hukuitaja tena filamu ile mpaka unakufa. Baba mdogo bado anajilaumu kwa utani ule. Anataka ujue hivyo.

Kuna jambo hatukukwambia. Mama aliwaandikia barua wenye filamu, akaomba wampe sauti yako, hata kipande. Walimjibu kwa mistari mitatu: kanda zile zilifutwa, zikatumika kwa kazi nyingine. Aliichoma barua yao ndani ya jiko kabla hujarudi kutoka mlimani.

Mwezi uliopita waliionyesha tena filamu ile kwenye televisheni. Tulikuwa watatu tu sebuleni. Ulipomkaribia dubu, mimi Janeal niliinuka nikazima sauti. Mama akavuta kiti mpaka karibu kabisa na kioo. Ulikuwa ukimweleza dubu jambo refu, midomo yako ikienda polepole, haisiti popote, haina haraka na mtu.

"Anasema nini, shemeji?" Baba mdogo akauliza.

"Hebu nyamaza, Delmar," Mama akasema. "Anaongea."

Tukanyamaza, Baba, mpaka ulipomaliza.

Unakumbukwa na mkeo Verla, binti yako Janeal, mdogo wako Delmar, jirani yako Arvilla, na nyumbu wako wanne, ambao walikusikia zaidi yetu sote. Hutatutoka moyoni.