Rukia na B ya Kiwangwa

Jumamosi, jua kali tangu asubuhi. Siku nzuri ya kuanika embe za achari, siku mbaya ya kuwa na kijicho.

Majina ya chuo cha uuguzi yametoka. Rukia, mtoto wa mama mdogo, amechaguliwa. Mimi sikuchaguliwa.

Tulimaliza kidato cha nne pamoja hapa Bagamoyo. Baiolojia mimi nikapata C, yeye D. Akarisiti mwaka uliofuata, akarudi na B. Sasa nisaidieni, D inageukaje B? Mimi nilibeba masomo yote kwa mpigo mmoja, tena jino linaniuma. Yeye kakaa mwaka mzima na somo moja, na mwalimu wa tuisheni juu. Hata kama ni halali, haki iko wapi?

Na halali yenyewe sina hakika nayo.

Maana vituo vya mtihani vipo hapahapa mjini, yeye akaenda kufanyia Kiwangwa, kwenye mananasi huko, asikojulikana na mtu. Mwenye nia safi anafuata nini Kiwangwa? Habari za mamluki nimezisikia, wale wanaoingia kumfanyia mtu mtihani kwa jina lake. Jana nikaandika ujumbe wa kwenda chuoni: huyo binti mchunguzeni. Jina langu sikuweka. Ulikuwa umebaki kubonyezwa tu.

Leo akaja kutusaidia achari, mimi na mama. "Shikamoo mama mkubwa," sauti laini hiyo, akaketi na kisu chake. Nikasema moyoni, umejileta mwenyewe. Embe tulizozitia chumvi zilikuwa zimeanza kutoa maji. Nikamuuliza kama utani, haya muuguzi, kwa nini zinatoa maji?

Akaeleza. Utando wa seli, chumvi iliyozidi nje, maji yanavyoifuata. Akafika mpaka kwenye dripu, kwa nini mgonjwa hatundikiwi maji matupu. Hakusita hata kidogo. Mimi niliyemtega nusu ya hayo nilishayasahau, nikawa naitikia tu kwa kichwa. Mamluki hamwachii mtu vitu kama hivyo kichwani.

Ikabidi nimuulize ya Kiwangwa. Aliendelea kukata embe.

"Ni kwa sababu yako, dada. Nyumbani kutwa ni wewe, mwenzio kapata C, mwenzio kapata C. Ningefanyia hapa nikafeli tena, wewe ungekuwa wa kwanza kujua."

Nilikasirika. Mimi nimekosa nini? Sikumtuma mama mdogo anifanye fimbo ya kumchapia mwanawe. Nikaenda kugeuza embe juani.

Ujumbe nimeufuta.

Si kwamba nimeridhika. Mwaka mzima kwa somo moja bado naona ni upendeleo, na atakayenibishia aje. Ila cheti changu kinasema C, na hiyo C kichwani haimo tena. B ya Rukia imo. Kama ningekuwa mgonjwa, ningetaka nani anishike mkono kunitafutia mshipa?

Nataka kurisiti. Mama sijamwambia, nimeandika hapa kwanza.

Na nikirudi na B, mtu kama mimi ataniamini?