Sato kwenye lango la Singasinga

Mwaija shoga yangu, nikusimulie: mlinzi wa hekalu la Singasinga kanizuia getini. "Mama, samaki hawaingii humu." Nami nabisha, eti ni zawadi ya rafiki yangu Manjit, niende mikono mitupu?

Sato wabichi wa Kigongo, unawajua.

Dada Achola, niliyekwenda naye, ananivuta kitenge: "Nilikwambia humu hawapiki samaki."

Nikajibu kwa sauti, Mwaija, kwa sauti: "Mbona Manjit alikula sato chumbani kwetu miaka yote ya chuo, miaka ya tisini, mpaka analamba vidole?"

Manjit yuko nyuma yangu. Na mama yake, yule asiyegusa hata yai.

Manjit, mwanamke mzima na wajukuu, anaangalia chini.

Nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyempikia, nigombeze mimi."

"Marahaba. Kumbe ndiyo hisabati mliyokuwa mnasoma usiku."

Kacheka, Mwaija! Yule bibi kacheka.

Manjit ananinong'oneza atakuja kwangu kula kimyakimya. Nikakataa. Nimechoka kumficha. Nikamwalika yeye na mama yake palepale: sato kwa Manjit, dengu kwa mama.

Bibi kakubali, ila sufuria yake iwe haijawahi kupikiwa samaki.

Nimepita dukani, nimenunua mpya. Dengu zinachemka.