Kizuizi Nisichokipiga Picha

Mjimwema, Songea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe na wote mliomo nyumbani Tunduru. Natumaini goti lako limepata nafuu na mikorosho haikupigwa tena na ule ugonjwa wa unga. Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillah. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo maana barua hii ni ndefu. Zuhura mdogo wangu, najua ni wewe unayemsomea Mama. Soma yote, hata pale utakapoona aibu, wala usitie chumvi yako. Nakujua.

Nianze na kazi. Studio ya sokoni bado inanipa riziki, na safari hii nilipata na kibarua cha nje. Alikuja mtaalamu mmoja wa mradi wa barabara, anachunguza kwa nini mazao hayafiki mjini. Redio kila siku inatuambia soko sasa ni huru, kila mtu auze atakako, huku mahindi yanaliwa na fukusi vijijini. Akaniambia, "Twaibu, nipigie picha kila kinachomzuia mtu au mzigo kupita." Nikasema moyoni, huyu kampata fundi wake.

Nimekuwekea baadhi ya picha humu ndani. Hiyo yenye mti mrefu uliolazwa barabarani, na jiwe limefungwa mwishoni, ni geti la ushuru wa mazao. Yule bwana wa ushuru aliponiona na kamera alikimbia kubadili shati, akaja kusimama na mti wake kama bwana harusi na mkewe. Hiyo nyingine ni daraja lililobaki mbao za pembeni tu. Hiyo ya kufuli ni ghala la ushirika. Ndani hakuna hata gunia, lakini mlinzi yupo. Nilimuuliza, "Mzee, unalinda nini?" Akanijibu, "Nalinda kufuli." Nilicheka mpaka nikaona haya, maana yeye hakuwa anacheka.

Kazi ile ilinipa ugonjwa wa macho, Mama. Nikawa sioni kingine mjini ila vizuizi. Madukani siku hizi vitu vimejaa, redio, baiskeli, vitenge vya kila rangi, lakini vyote viko nyuma ya nondo, unaonyesha kwa kidole. Nikazipiga nondo hizo. Sasa iko picha ya geti la hospitali, na hiyo hakunituma mtaalamu. Itazame vizuri kabla Zuhura hajaendelea.

Mama, jina la Osmunda hukupenda kulisikia. Leo nakuomba ulisikie. Siku nilipokuja kukwambia nataka kumuoa, ulichukua mchi ukaulaza mlangoni, ukasema atakayeniletea Mkristo hapa ataanza kuuruka huu. Sikuuruka. Niligeuka nikarudi Songea. Baba yake, Mzee Komba wa Mpitimbi, naye alisema Myao na msahafu wake wasikanyage uwanja wake. Nyinyi wawili mngekutana mngepatana sana. Mtoto wetu wa kike alipoanza kutembea, mzee alikuja mjini akamchukua yeye na mama yake, akasema binti yake haishi na mwanamume bila ndoa, na ndoa yenyewe hairuhusu. Toka hapo nikawa mtu wa kupeleka salamu tu.

Mvua zilipoanza Osmunda alishikwa na homa kali, wakamleta hospitali hapa mjini. Nilikwenda mbio. Wanaingia ndugu tu, na kaka yake alikuwa amekwisha kumwambia mlinzi kwamba mimi si ndugu. Mlinzi hakuwa na ubaya, alisema, "Kaka, nisaidie na mimi nisifukuzwe kazi." Basi nikasimama nje. Sikujua mikono yangu niifanyie nini, nikapiga picha ya lile geti. Hiyo kanga unayoiona kwa mbali, imeanikwa kwenye majani, ni ya Osmunda. Alikuwa hai nilipoipiga. Alifariki mchana huohuo, mimi nikiwa bado nje.

Zuhura, simama kidogo. Mpe Mama maji.

Nilijua sitaruhusiwa msibani. Lakini shangazi yake Osmunda, Kandida, mama mwenye maneno yake, aliniletea ujumbe: "Njoo na kamera. Mpiga picha haulizwi dini." Nikaenda Mpitimbi. Nilikuta matawi yamewekwa barabarani kuonyesha kuna msiba, nikayapiga picha. Nikawapiga waliokuwa wanalia, mmoja mmoja. Mimi sikulia, maana jicho moja nilikuwa nimelifumba na jingine liko kazini. Kupitia jicho hilo nikamwona mwanangu, ameshika koti la babu yake. Amerefuka. Alinitazama, akatazama pembeni, kwa kuwa kamera ilikuwa imenifunika uso.

Walipolitoa jeneza na kushika njia ya makaburini ndipo nilipokumbuka kitu ambacho hata Mzee Komba hawezi kuninyima. Mimi ni Myao, wao ni Wangoni. Ni watani wetu, na mtani ana haki ya kuzuia hata jeneza mpaka alipwe. Nikaiweka kamera kwenye majani, nikaenda kulala chali katikati ya njia, mbele ya jeneza.

"Haya, Myao kaanza!" mama mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka na machozi yao, unajua inavyokuwa. Wakanitupia sarafu kifuani. "Pokea utupishe, Myao, marehemu kachoka!"

"Hela zenu sizitaki," nikasema. "Babu zenu waliteka ng'ombe za watu na wake za watu. Leo Myao kateka jeneza."

Wakazidi kucheka. Walidhani ni utani, na mimi mwenyewe nilianza kwa utani, Wallahi. Kisha utani ukaniishia. Nikasema, "Namtaka mwanangu. Nimbebe tu, akamzike mama yake akiwa mgongoni kwangu."

Kicheko kikaisha. Wabebaji wakabaki wamesimama na mzigo mabegani. Mtani hakasirikiwi, hasa msibani, na Mzee Komba analijua hilo kuliko mimi. "Huo si utani," akasema, taratibu. Halafu akamwachisha mtoto koti lake. "Nenda kwa baba yako."

Alikuja akikanyaga zile sarafu. Akasimama kichwani kwangu, akaniambia, "Inuka. Mama anataka kupita."

Niliinuka, Mama. Nilimbeba mpaka kaburini, na huko nililia kama mtoto mdogo, yeye ananifuta kwa kiganja.

Baada ya mazishi Mzee Komba aliniita pembeni. Alikuwa amezeeka siku ile ile. Akasema, "Mtoto sikupi. We una chumba kimoja kimejaa madawa ya picha, utamlea wapi? Lakini kuna jambo. Marehemu alikataa kabisa tumbadilishie mtoto jina, hata siku ya ubatizo. Nimeliita jina hilo kila asubuhi na mwenyewe simjui. Mwenye jina aje. Akija yeye, tutakaa wazee tuongee."

Hujawahi kuniuliza mtoto anaitwa nani, na kwa hasira zangu sikukwambia. Anaitwa Mwanahawa. Ni somo yako. Osmunda ndiye aliyelichagua, na ule mchi wako aliujua.

Basi mvua zikipungua nakuomba uje. Hizo picha nimekuletea uijue njia. Lile geti la ushuru hufunguliwa kwa asiye na mzigo wa mazao, na pale darajani nitakuja mwenyewe nikushike mkono. Kile kizuizi nilichokiweka kwa mwili wangu hakina picha, kwa sababu kamera ilikuwa kwenye majani. Na cha mlangoni kwako sikukipiga, sitaki kukipiga. Uchukue mchi huo, Mama, utwange unga wa safari.

Nisalimie mjomba, aliyenifundisha kupogoa mikorosho na kunichapa nilipokosea. Msalimie mume wa Zuhura, asinywe chai yote. Yule bibi jirani anayeniombea dua mwambie aongeze na jina la Osmunda, Mungu hatamuuliza ni la dini gani.

Jumapili Kandida aliniletea mtoto hapa chumbani, akashinda nami hadi jioni. Ameniona naandika, akauliza kama bibi wa Tunduru anajua kwamba na yeye anaitwa Mwanahawa. Nimemwambia ndilo ninalokuandikia.

Mwanao,
Twaibu