Mfupa wa Ngege

Jumatatu, 3 Machi
Kendu Bay. Kidato cha Tatu, vipindi viwili vya Biolojia. Samaki aina ya papa na taa: kiunzi chao ni gegedu, laini kama sikio. Matamvua wazi, hayana kifuniko. Hawana kibofu cha hewa. Papa wengi wakiacha kuogelea wanazama. Ngege na mbuta, samaki wa ziwa letu: mifupa migumu, kifuniko, kibofu. Hakuna darasani aliyewahi kumwona papa. Atieno akauliza, "Kwa hivyo mwalimu, papa hana miiba ya kumkwama mtu kooni?" Wakacheka. Nami nikacheka.

Jumatano, 5 Machi
Nimerudi nyumbani kula mchana. Mfupa wa ngege ukamkwama Mama. Nikamfinyangia tonge la ugali. "Meza bila kutafuna, Mama. Litausukuma." Akameza. Machozi yakamtoka. Nikampa la pili.

Ijumaa, 7 Machi
Homa. Shingo imevimba. Hawezi kumeza hata mate. Anasema, "Ni mchubuko tu, nyathina." Mimi, mtoto wake, nimemwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Jumamosi, 8 Machi
Hospitali, Homa Bay. Kwenye eksirei daktari akanionyesha mstari mweupe, mwembamba kama sindano. Gegedu lisingeonekana hivyo. Huu ni mfupa. Umetoboa umio, usaha umeingia kifuani. "Alipewa kitu cha kumeza baada ya kukwamwa?"
Nikasema sijui.
Mimi. Mwalimu wa Biolojia.

Jumatatu, 10 Machi
Walimpasua jana. Leo saa nne asubuhi Mama amefariki. Ndugu yangu Odhiambo amefika kutoka Migori. Anapiga kelele kwamba daktari amemuua. Atamshtaki. Jamaa wote wanamuunga mkono. Matonge sijayataja. Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi
Tumemzika Mama huko Rangwe. Odhiambo akasimama mbele ya waombolezaji, akaanza tena juu ya daktari. Alipomaliza nikamvuta nyuma ya nyumba.
"Ni mimi nilimpa matonge. Mawili. Daktari aliniuliza, nikamdanganya."
"Na wewe ndiye unafundisha watoto wa watu mambo ya samaki."
Akaondoka.

Jumapili, 16 Machi
Odhiambo hajanisemesha. Asubuhi ametoa viti viwili, akaviweka kando ya ukuta wa jikoni. Akaleta chai, vikombe viwili. Akaketi. Nikaketi. Kuku wakapita katikati yetu. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Nimeinywa yote.