Mistari Mipya ya Kipilefti

Cheyo, Tabora

Baba Kulwa, shikamoo. Kwanza nataka kujua habari za kifua chako, kama kikohozi kimepungua, na kama zile dawa za zahanati unazimeza au unaziweka tu dirishani. Mama mkwe nampa shikamoo yake, magoti yanasemaje siku hizi? Doto, marahaba mwanangu, najua wewe ndiye unayemsomea baba yako barua hii, basi soma yote, usiruke. Shija naye anakwenda shule, au akishatoka nje ya boma anakimbilia kuchunga? Balozi wetu wa nyumba kumi na mkewe wasalimieni, na shoga yangu Mama Nyanzala mwambieni simsahau. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako ananyonya vizuri, na mama yake ameshaanza kutembea uani.

Lililonifanya nishike kalamu ni Kulwa. Trafiki wamemchukulia leseni. Usishtuke, hakuumia wala hakuumiza mtu. Lakini Jumatatu ijayo anapimwa upya, na akishindwa, lori la ushirika anapewa dereva mwingine.

Ilikuwa hivi. Kwenye kipilefti cha huku karibu na stesheni wamechora mistari myeupe na mishale barabarani. Zamani watu walikuwa wanazunguka tu, anayewahi ndiye anayepita. Sasa njia imegawanywa mara mbili, ya kushoto ni ya anayekata kushoto, ya ndani ni ya anayeendelea kuzunguka. Lakini nani alituambia? Na wiki hiyohiyo mji mzima ulikuwa unafagiliwa, mawe ya kando ya barabara yanapakwa chokaa, kwa sababu kuna mgeni mkubwa wa serikali anakuja. Basi madereva wote wakadhani na hii rangi ni ya mgeni. Wakaogopa kuikanyaga, isije ikachafuka kabla hajapita. Nimeona kwa macho yangu nikitoka sokoni: basi limepanda juu ya maua, teksi imeingia mtaroni, na bwana mmoja kashuka kwenye baiskeli kaibeba begani asiguse mstari. Kulwa naye vilevile. Kapakia magunia ya karanga, anakwepa rangi, akaligonga ubavuni gari dogo la mzee mmoja seremala. Kitanda kilichokuwa nyuma kikaanguka, tendegu moja likavunjika.

Mzee mwenyewe anaitwa Mzee Chilewa, na ni Mgogo. Hapo Mungu alituonea huruma, maana ni mtani wetu. Kashuka, kakitazama kitanda, kasema, "Nyie Wanyamwezi mlizoea kupita njia hii na mizigo kichwani. Nani aliwadanganya mshike usukani?"

Kulwa kamjibu, "Babu zenu walitutoza hongo tukitaka kunywa maji kwenu. Leo wewe unataka hongo ya kitanda."

Watu wakacheka. Trafiki hakucheka, ni kijana mgeni hapa. Mzee akamwambia, "Afande, hapa hakuna kesi. Huyu ni mpagazi wangu, kaangusha mzigo, nitamalizana naye mwenyewe."

Trafiki akasema, "Mmalizane na kitanda chenu. Mistari ya serikali haina utani." Akaondoka na leseni.

Jioni Mzee Chilewa kaja hapa bila hodi, kamkamata yule jogoo niliyekuja naye kutoka Puge, kamfunga miguu, kasema tendegu limeshalipwa. Nikamwita mwizi, akaniita mke wake, yakaisha. Halafu akakaa, akasema kwa upole, "Mama, kijana gari analijua. Asichokijua ni michoro. Leta majivu."

Akachora mistari yote uani kwa majivu, katikati kaweka kinu ndiyo kipilefti. Kulwa kashika ungo ndiyo usukani. Mimi nikawa basi la Nzega, mkwe wetu na mtoto mgongoni wakawa teksi. Tukazunguka.

"Mama, basi la Nzega linakata kushoto," Kulwa akasema, "mbona unanifuata?"

"Mwache," Mzee akasema. "Ni basi la Kinyamwezi, linafuata harufu ya karanga."

Sasa ni kila jioni, na madereva wa jirani nao wanakuja kuzunguka kinu. Kulwa hakosei tena. Lakini jana alikwenda kwa miguu kusimama kwenye kipilefti chenyewe, aangalie magari. Karudi, chakula hakugusa. Nilipombana akasema, "Mama, nikishindwa sirudi Puge. Baba alisimama kwenye mkutano wa kijiji, walipokuwa wananung'unika kwa nini nipelekwe mimi kusoma udereva, akasema mwanangu hatawaaibisha. Nitamtazama kwa jicho gani? Nitapanda treni niende zangu Dar."

Baba Kulwa, mimi leseni siiogopi. Ikikataa, jembe lipo na shamba la kijiji lipo. Ninaogopa treni. Mtoto akiondoka na aibu haandiki barua, na huyu wa kunyonya atakua hamjui baba yake. Nimemwambia baba yako hana hasira, akanijibu, "Hayo unasema wewe." Na kweli nasema mimi, wewe hujasema.

Hajui kama nimekuandikia. Mkwe wako anakuamkia, na Mzee Chilewa anasema kama una jogoo mwingine umlete mwenyewe. Wifi yangu wa kanisani, na kaka yangu anayetunza ghala la kijiji, wape salamu zangu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Nzega, na Jumamosi anapita tena hapo Puge kurudi huku. Doto aandike maneno yako, machache tu, kwamba akipata leseni au asipoipata, arudi nyumbani, hujakasirika. Karatasi ikikosekana, simama barabarani umwambie kondakta kwa mdomo, atanifikishia. Nakuomba, yasipitwe na basi hilo la Jumamosi.

Mimi mkeo,
Mama Kulwa