Wale Kasa Sita Wasiopakwa Dawa

Kituo cha Kasa,
Chumba cha kufulia, nyuma ya stoo.
Tarehe 3, mwezi wa sita.

Mpendwa mwanangu Kijiti,

Pokea salamu, nyingi kuliko zile ulizotuletea wewe. Hujambo? Unakula? Najua jibu la swali la pili, lakini adabu ya barua ni kuuliza, nami nimeuliza. Baridi ya huko chuoni imekuachaje? Sisi ni wazima. Goti la mama yako linamsumbua wakati wa kuosha vyombo. Ukitajwa mwaliko wa harusi huwa limepona kabisa. Mimi mama yako mdogo mgongo ndio ule ule, na mdomo pia ndio ule ule, kama utakavyoona.

Ujumbe wako tuliupata. "Nimeacha utafiti. Natafuta kazi. Msinipigie simu tafadhali." Maneno saba, nimeyahesabu. Mama yako aliusoma akakaa, akausoma tena kwa sauti, kana kwamba ukisomwa vizuri utabadilika. Mjomba wako, ambaye hajawahi kumaliza hata kijitabu cha maelekezo ya redio yake, akatoa hukumu kwamba kusoma sana ndiko kunakoharibu watoto. Nilimwambia yeye angeweza kusoma miaka mia na asiharibike, maana hakuna cha kuharibu.

Kwa kuwa simu hupokei, naandika. Barua huwezi kuikata. Nampa yule muuguzi jirani yetu anayesafiri kesho kutwa, akukabidhi mkononi, na nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka akuone unaifungua.

Najua mkurugenzi wetu amekuandikia kwamba dawa yako haina faida. Huyo ndiye tunayemwita Bwana Mkubwa, kwa sababu ya kiti chake wala si kwa sababu ya akili. Wewe ulipata karatasi tu, kwa hiyo acha nikusimulie kikao chenyewe kilivyokuwa.

Alituita wote ukumbini, hata sisi wa kuosha matangi, maana viti vilikuwa vingi kuliko wasomi. Akasimama na fimbo yake ya kuonyeshea, tumbo limemtangulia, akaweka mchoro wako ukutani. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto kufunga viatu, kwamba kulikuwa na kasa kumi na wawili wenye vidonda vya nyavu na vya panga za injini za boti. Sita wa alama ya buluu wamepakwa marhamu yako ya mwani na asali. Sita wa alama nyeupe wameoshwa kwa maji ya chumvi tu. Kisha akapitisha fimbo juu ya ile mistari miwili ya ukubwa wa vidonda, inayoshuka pamoja kama mapacha waliovalishwa sare.

"Waliopakwa wamepona. Wasiopakwa nao wamepona. Sasa jamani, dawa hapo ni ipi? Si bora hiyo asali tungenywea chai?"

Ukumbi ukacheka. Akacheka yule wa mapokezi ambaye kidonda cha kasa hajawahi kukiona ila kwenye kalenda. Akacheka fundi wa pampu, ambaye pampu zake zinavuja tangu anazaliwa. Bwana Mkubwa nilishamzoea, lakini mtu anayecheka kwa sababu bosi amecheka namdharau kuliko bosi mwenyewe. Daktari wa wanyama, msimamizi wako, alikuwa amekaa pembeni anaandika. Huyu nilimpa jina la Daktari Kiyoyozi miaka sita iliyopita, kwa kuwa hatoki ofisini kwake, na viatu vyake havijawahi kulowa.

Mimi nilikunja mikono nikanuna. Nina miaka ishirini na miwili kwenye matangi haya. Nimeona kwa macho yangu vidonda vilivyokuwa vinanuka vikifunga na kukauka kwa marhamu yako, na huyu anasimama pale kuniambia ni maji. Nikasema moyoni, wasomi hawa hata ukiwawekea ukweli kwenye sahani watauliza kijiko kiko wapi.

Ndipo fimbo yake ikagusa kitone kimoja kilichobaki juu peke yake, mbali na vyote. "Ni huyu mmoja tu, nyeupe namba nne, aliyegoma kupona. Labda uzee." Wakacheka tena.

Kijiti, mimi nikaacha kununa. Nyeupe namba nne namjua. Ni yule jike aliyening'ata kidole gumba wiki ya kwanza nikavuja damu mpaka kwenye kiwiko, nikamwambia, "Wewe basi, kaa na kidonda chako." Nikakaa naye kwa chuki yangu wiki kumi, simgusi ila kwa maji ya chumvi. Na wale watano wenzake wa alama nyeupe wamepona kwa sababu niliwapaka mimi.

Soma tena hapo kama hukuamini. Niliwapaka dawa yako.

Ulipokuja kunieleza, tumekaa hapa hapa chumba cha kufulia, ulisema nusu lazima waachwe ili tupate cha kulinganisha. Niliitikia, "Sawa mwanangu." Moyoni nikasema huu ni upuuzi wa watu waliosoma mpaka wakasahau huruma. Dawa iko kwenye bakuli, mgonjwa yuko majini, halafu umnyime ili uchore mstari? Ukabandika karatasi yako mlangoni mwa stoo, neno MARUFUKU umelipigia mstari mara mbili. Nililipita neno hilo kila asubuhi kama ninavyopita lile tangazo la kukataza kutema mate.

Mwanzoni yalikuwa masalio tu. Nikishapaka wa buluu, bakuli hubaki na dawa ukingoni, na kutupa kitu kizuri sikulelewa hivyo, muulize mama yako. Nikawa nakwangua kwa kidole nawapaka wale wengine. Kufika wiki ya tatu nilikuwa nachota kabisa, kijiko kizima kila mmoja, nawaita kwa sauti ya chini kama mwizi. Kisha nachukua fomu yako naandika "hakupakwa", "hakupakwa", "hakupakwa". Ule mwandiko wangu uliousifu, ukasema fomu zangu ni safi kuliko za hospitali, ndio niliokuandikia uongo wiki kumi.

Na unajua nilitegemea nini? Nilitegemea utafurahi. Niliona uliomba sita wapone, nami nakupa kumi na mmoja. Nilikuwa nakusubiri ushangae.

Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi nilidharau mwiba, na mguu uliovimba ni wako. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nimetumia maisha yangu kucheka watu wasiojua kazi yao, na siku hiyo ukumbini mjinga mkubwa kuliko wote alikuwa amekunja mikono kiti cha nyuma.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Mkubwa nikamwambia wazi. Alinisikiliza huku anachokoa kucha kwa kifuniko cha kalamu. "Kwa hiyo mama, ripoti niliyokwisha kuisaini ni ya uongo?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Wewe kaoshe matangi. Mambo ya utafiti waachie wenyewe." Alikuwa ameshatangaza kwamba tutatumia dawa za tyubu zinazotoka nje, na mtu aliyeshatangaza jambo huwa hataki kujua ukweli wake. Kumbe dharau ikitoka kwa mwingine ndivyo inavyouma. Nilisimama pale na ndoo yangu kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Nikaenda kwa Daktari Kiyoyozi, na nilikwenda nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Mwanangu, yule bwana aliinuka akazima kiyoyozi chake ili anisikie vizuri. Akauliza kasa gani, siku gani, kiasi gani. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alijaza kurasa nne. Mwisho akaweka kalamu chini akasema, "Ungewaacha, leo tungekuwa tumejua." Basi. Nimewahi kutukanwa na watu wenye vipaji vya kutukana, lakini hakuna aliyenipata kama huyo.

Siku iliyofuata nikamkuta kwenye matangi, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu myembamba kama ya korongo, anampaka namba nne marhamu yako kwa mkono wake. Yule jike alimng'ata, bila shaka. Daktari alipiga ukelele wa aibu, nami nilifurahi, sitakudanganya. Lakini alifunga kidole akaendelea kumpaka, na siku ya kumi na moja kidonda cha yule jike kikaanza kufunga. Mimi tayari napiga vigelegele. Yeye akatikisa kichwa, akasema mmoja si ushahidi. Zamani ningemwita mpumbavu, ila safari hii nikarudi kufua taulo.

Kibali chako cha utafiti bado hakijafa, na yeye ni msimamizi wako, kwa hiyo ameanza upya. Nyavu hazijaacha kutuletea kazi, wamekuja wanane wapya. Wanne wa buluu, wanne wa nyeupe. Anapaka yeye, anaandika yeye. Mimi nalisha na kubadilisha maji. Ufunguo wa stoo ya dawa nilimkabidhi mwenyewe, nikamwambia asinirudishie hata nikilia. Barua ya onyo nimepewa na imeingia kwenye faili langu, ikiwa imebaki miezi minane nistaafu. Niliistahili, nimeisaini bila kubishana. Bwana Mkubwa alitegemea nitabisha, akawa kama mtu aliyesukuma kwa nguvu mlango uliokuwa wazi.

Lakini mwenye utafiti ni wewe, na bila saini yako kabla mwezi huu haujaisha, Bwana Mkubwa analifunga jaribio na kibali kinafutwa. Ndani ya bahasha kuna fomu ya Daktari, na nyuma yake maelezo yangu, yameandikwa kwa mkono wangu na kugongwa muhuri, kwamba kosa halikuwa la dawa wala la hesabu zako. Piga picha fomu ukishasaini, mtumie Daktari kwenye simu. Maelezo yangu mwonyeshe profesa wako, mwonyeshe na yeyote aliyekucheka. Waambie mama yako mdogo ndiye aliyekuharibia. Sitakufa kwa hilo.

Kunichukia unaruhusiwa. Nimelifikiria hilo na nimelikubali. Ila usiache kazi yako kwa sababu ya uongo wangu. Ulikaa miaka mitatu unachemsha mwani kwenye sufuria za mama yako mpaka nyumba nzima ikanuka ufukwe, tukakucheka, ukaendelea. Kicheko cha watu kama wale wa ukumbini ndicho kikushinde?

Leo ni siku ya tisa. Kati ya wale wanne wa alama nyeupe kuna mmoja mdogo, ana kidonda shingoni mahali kamba ya wavu ilipomkaba. Nikiingia na ndoo ya chakula hunifuata ukutani mwa tangi, nikienda naye anakwenda. Bakuli la dawa liko hatua sita kutoka pale, Daktari huliacha wazi akienda kunawa. Asubuhi hii nilitia mikono yote miwili kwenye mifuko ya aproni nikaifumba, nikasimama mpaka akarudi. Sijampaka. Sijampaka hata mmoja wao, mwanangu, na sijawahi kufanya jambo gumu kama hili tangu niajiriwe. Wanne hawa wanaumia kwa ajili ya kazi yako. Usikubali waumie bure.

Mama yako anakusalimu, ameshakusamehe ule ujumbe ila hajakusamehe neno "tafadhali". Mjomba anakusalimu, anauliza kama huko kuna betri za redio yake. Nisalimie mwenzako wa chumbani, mwambie akulazimishe kula. Daktari naye anakusalimu. Lile jina nimemvua, natafuta jingine lenye heshima na sijalizoea.

Mungu akutangulie katika kila mlango, akupe usingizi mzuri na watu wakweli kuliko mimi.

Ni mimi nikupendaye, pamoja na makosa yangu yote,
Mama yako mdogo.