Ndege Isiyo na Kikaratasi

Februari 3

Mume wangu,

Habari za nyumbani? Kifua chako vipi, bado unakohoa au umekubali kunywa dawa? Mimi mzima, ila shingo inaniuma kwa kugeuka huku na huku. Mama mkwe msalimie sana, mwambie ninakula na ninashiba.

Tumefanya vizuri kuamua kuandikiana. Simu zetu zinaanza na hujambo, zinaishia wewe kunikatia. Barua angalau huwezi kuikata katikati. Babu rubani kakubali kuzibeba kwenye ndege yake ya asubuhi, ingawa kaniuliza sisi ni mtu na mkewe au ni wanafunzi wa bweni.

Kiwanja hiki kinakua mpaka kinatisha. Jengo jipya la abiria limefunguliwa, jingine linachimbiwa msingi, na kila wiki kuna shirika jipya linalotaka kutua. Lakini mnara wetu wa kuongozea ndege ni ule ule wa zamani, ngazi zinalia, na rada tuliyoahidiwa bado imo kwenye makasha. Kwa hiyo tunafanya vile vile ulivyonifundisha huko. Simu ya kutoka mnara wenu ikilia, tunaandika kikaratasi: ndege gani, kimo gani, itatufikia saa ngapi. Kikaratasi kinakaa ubaoni. Ndege isiyo na kikaratasi kwetu haipo duniani. Kuna wakati ubao unajaa mpaka natamani kulia, halafu moja inatua, na nyingine, napumua.

Bahati nzuri nimepangiwa zamu na mtu mtulivu. Wanamwita Taratibu. Mambo yakichafuka namna gani, hapandishi sauti, na marubani wanampenda kwa hilo. Akimaliza zamu hakimbilii mlangoni. Anakaa nami pembeni mpaka picha yote ya anga iniingie kichwani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Aliposikia nalalamikia shingo, kaniletea mto wa kiti.

Mkeo


Februari 9

Mke wangu,

Salamu zako zimefika na Mama kafurahi. Kifua kimepona. Kinachouma sasa ni kingine.

Mto wa kiti. Haya.

Hebu nieleze vizuri hapo pa kukaa pembeni. Anakaa upande gani? Viti vyenu vina mikono, au ni vile vya kusogezwa sogezwa? Usicheke, nauliza kwa sababu najua. Mimi na wewe tumeoana kwa ajili ya dakika zile. Nilikuwa mkufunzi wako, nikimaliza zamu nakaa pembeni yako, "huyu yuko hapa, yule anashuka, yule mwingine mchunge." Picha ya anga ilikuwa imekuingia kitambo, nami bado nimekaa, bega kwa bega. Nawe ulijua, ukawa unauliza maswali ambayo majibu yake unayo. Kwa hiyo mtu asinifundishe mimi kukabidhi zamu.

Na lingine nilitoe, nisije nikapasuka. Nafasi hiyo tuliiomba wote wawili. Wakamchukua mwanafunzi, wakamwacha mwalimu. Nilikupongeza mbele za watu, nikakubebea sanduku. Sasa huku nikishamsindikiza Babu asubuhi, kazi yangu ni kuangalia mbuzi wasikatize njia ya kurukia. Wewe ubao unakujaa! Ndiyo, naona wivu. Wivu wa kazi na wivu wa mtu, na sijui upi umemtangulia mwenzake.

Jana nilipiga simu ya mnara kutaja ndege ya Babu, akapokea yeye. "Habari za asubuhi, kaka." Kaka! Mama yangu kanizaa peke yangu. Na sauti anayo, sikatai. Ndiyo inayoniudhi.

Mumeo


Februari 17

Mume wangu,

Hujambo wewe na wivu wako? Sisi huku hatujambo, mimi na mto wangu.

Viti havina mikono. Umeridhika? Anakaa kulia, kwa sababu kushoto kuna ubao. Kama ana mke sijui. Ningemuuliza, ungetaka kujua kwa nini nimemuuliza.

Kuhusu nafasi hii, unaniumiza. Sikukunyang'anya. Kila ninaposhika kipaza sauti hapa nasikia maneno yako yakitoka kinywani mwangu. Nilidhani ungejivunia.

Sasa naomba nitanie kidogo, halafu niache kutania. Taratibu kaniambia juzi ulitaja ndege mbio mbio mpaka akakuomba urudie, nawe ukamjibu, "Mwite mwenzako." Usifanye hivyo tena. Nuna kwenye barua, nuna mezani, mnunie hata paka. Lakini simu ile si yangu wala yako. Yeyote anayepokea, mwambie yote mpaka mwisho. Wewe ndiye uliyenipigia kelele siku ile nilipomeza neno moja, mpaka nikaenda kulia chooni. Umesahau?

Mkeo anayekupenda, ukitaka usitake


Februari 24

Mke wangu,

Natumaini u mzima na shingo imepata nafuu kwa huduma unazopewa.

Barua hii anakuletea Mama mwenyewe, imo ndani ya mkoba wake. Anasema amekukumbuka na anataka kukaa nawe kidogo. Atapanda ndege ya Babu Alhamisi asubuhi. Hajawahi kupanda ndege maishani, kwa hiyo asikudanganye kwamba hakuogopa. Mpe kitanda cha upande wa ukutani. Akitaka kupanda huko mnarani aone unapofanyia kazi, msimzuie, ni mtu mzima, ana haki ya kuona.

Kwamba nimemtuma kukuchunguza, hayo umeyasema wewe, si mimi.

Ndege yake nitaitaja mwenyewe kwenye simu. Natumaini utapokea wewe.

Mumeo


Machi 11

Mume wangu,

Mama ni mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungerukaruka mistari kulitafuta. Kimemvimba kifundo cha mkono tu, nacho kinapona.

Nimekaa kimya muda wote huu kwa sababu sikuwa na maneno ya kukupa ambayo yasingekuwa matusi.

Alhamisi ile nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika kiti. Taratibu alikuwa amemaliza zamu, amekaa pembeni ananikabidhi. Ubao ulikuwa umejaa. Simu yenu ikalia nami nikiwa nazungumza na ndege, kwa hiyo akapokea yeye. Alipokea kwa sababu mdomo wangu ulikuwa na kazi, si kwa sababu nyingine yoyote chini ya jua. Akasema habari za asubuhi. Simu ikakatwa. Akadhani laini imekatika, akangoja upige tena. Hilo la kungoja limeandikwa kuwa kosa lake, naye kalikubali bila kubisha.

Hukupiga.

Nikaliruhusu dege kubwa la abiria kushuka, maana ubaoni njia ilikuwa nyeupe. Halafu Babu akaita kwenye redio, akataja alipo na kimo chake, kwa sauti yake ile ya kila siku. Alikuwa pale pale ninapolishushia dege. Nililiambia dege lipinde kulia mara moja, Babu nikamwambia apinde kushoto. Rubani wa lile dege alisema baadaye kwamba aliiona ndege ya Babu dirishani. Aliona rangi ya mkia wake.

Ilivyopinda ghafla ndivyo Mama alivyojigonga mkono. Taratibu alirudi kitini, nami nikaenda kumpokea Mama. Yeye akaniambia, "Mkwe, huyo aliyetugeuza vile ni nani, nimshukuru au nimchape?" Kisha akanipa barua yako. Barua yako ya wivu ilikuwa humo ndani, mapajani mwa mama yako.

Simu zote za mnara zinarekodiwa, hilo ulinifundisha wewe. Walituita tusikilize. Anasikika Taratibu, "Habari za asubuhi, kaka." Halafu mtu anasonya, simu inakatwa. Mkubwa akauliza kama kuna anayeutambua msonyo ule. Huo msonyo nimeishi nao miaka yote ya ndoa yangu. Nikasema, "Ni mume wangu." Nimelisema, na ningelisema tena.

Taratibu ndiye aliyekutetea. Aliomba usifukuzwe, urudishwe mafunzoni. Nakwambia ili ujue, si ili kukukera.

Mama bado yuko kwangu. Kapanda mpaka mnarani, kakaa kwenye kiti cha nyuma, katazama. Nilimuuliza nikuandikie nini. Kasema: "Mwambie nimechunguza alichonituma. Nimewaona wamekaa karibu, hawatazamani, wanatazama nje. Na mwambie kurudi sirudi kwa ndege mpaka ajifunze kushika simu."

Usiniandikie mpaka uwe na la kusema.

Mkeo


Aprili 2

Mke wangu,

Hujambo? Mama hajambo na mkono wake? Mimi wameniondoa zamu, leseni yangu imo kwenye droo ya mkubwa.

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii. Babu kakataa kuibeba. Kaniambia, "Barua zako nzito kwa ndege yangu. Panda mwenyewe." Kwa hiyo hii naiandikia hewani, juu ya goti, nimekaa nyuma yake. Mwandiko ukiyumba usidhani nalia. Au dhani, sawa tu.

Nitakwambia nilichokuwa nafanya asubuhi ile. Nilisikia sauti yake, na nyuma yake nikasikia yako. Nikajua mko kwenye dakika zile. Nikakata, nikasema nitapiga tena akishainuka pembeni yako. Nikakaa na simu mkononi, namsubiri mwanaume mwingine amalize dakika zangu. Na Mama yuko angani. Nilimfungia mkanda mwenyewe, nikambusu shavu, nikapanda mnarani, nikanuna. Ndivyo ilivyokuwa. Sina namna ya kuipamba.

Leo kabla ya kupanda nilisimama kwenye ngazi za mnara kama mwizi, nikasikiliza mpaka kijana aliyeshika nafasi yangu alipoitaja ndege hii kwenu. Ameitaja yote. Hata hivyo njia nzima nachungulia dirishani kutafuta ndege nyingine. Sikuwahi kujua abiria wanakaaje humu, hawajui kama huko chini kuna mtu ameandika kikaratasi chao.

Babu kanipa vile vipokea sauti vya akiba, kanionya nisifungue mdomo. Nilitaraji nikusikie wewe. Ni yeye. "Habari za asubuhi, Babu, nimekupata, karibu." Kwa hiyo kikaratasi kipo. Anatushusha. Anasema kimo, Babu anarudia, anasema kingine, Babu anarudia. Kuna ndege mbili mbele yetu na moja inaondoka, naye kaziweka zote mahali pake, hata pumzi haikumpanda. Sauti nzuri, mke wangu. Bado inaniudhi, nisikudanganye, inaniudhi mpaka kwenye meno. Ananishusha mtu niliyemkatia simu, na nimemsikiliza neno kwa neno.

Mara moja hivi, nyuma yake, nimekusikia unamwambia kitu. Basi uko hapo, ni saa ya kukabidhi.

Naiona njia ya kurukia. Kama amekaa nawe bega kwa bega, usiinuke. Asiinuke yeyote mpaka magurudumu yaguse.

Mumeo